Kanuni ya Nne

Jumatatu ile, kahawa ikifuka pembeni,
nilikaa kukitungia kikasha changu sheria.
Barua pepe mia mbili na kumi na moja
zilikuwa zimejipanga kama wagonjwa kwenye benchi,
kila moja ikisema: mimi kwanza.

Kanuni ya kwanza: ikitoka kwa Mkurugenzi van Ommeren
itiwe nyota, ipande juu, ilize kengele.
Ya pili: ikitoka wizarani, vivyo hivyo.
Ya tatu: mafundi wa pampu,
maana ankara zao zikilala, nao hulala.
(Mke wangu Annelies nilimsahau.
Nilimwongeza jioni, bila kumwambia.)

Ya nne ilikuwa fupi.
Mtumaji akiwa Hendrika Wolterink,
ipelekwe folda ya Baadaye,
na isibishe hodi.

Sikuwa mkatili. Nilikuwa nimechoka.
Miaka sita, kila saa kumi na mbili na dakika kumi alfajiri,
mjane huyu akaaye nyuma ya tuta la mto IJssel
aliniandikia mstari mmoja:
"Mtaro wa nyuma ya zizi. Sentimita nne. Maji safi."
Kesho yake: "Nne. Safi."
Jumapili: "Nne. Safi. Bata wamerudi."
Na sisi Bodi ya Maji tumefukia ardhini vipimo mia tatu
vinavyoleta takwimu usiku na mchana
pasipo kutaja bata.

Kimya kilikuwa kitamu, sitaficha.

Januari mto ukavimba.
Vipimo vyangu vyote vilikuwa kijani kwenye skrini.
Kengele ililia mara tatu siku ile:
Mkurugenzi akiuliza nani ataleta keki ya kumuaga Saskia,
Mkurugenzi akisema keki isiwe na karanga,
Mkurugenzi akishukuru.
Nyota, nyota, nyota.

Saa tano usiku, nikitafuta risiti ya viatu,
nilifungua Baadaye kwa bahati mbaya.
Arobaini na saba, hazijasomwa.
Nilianzia chini.

Nne. Safi.
Nne. Safi.
Tano. Safi.
Sita. Goti linauma, leo nimepimia dirishani kwa darubini ya Bernard.
Tisa. Safi.
Kumi na moja. Yana mchanga.
Kumi na moja. Yana mchanga. Je, barua zangu zinakufikia?

Muulize yeyote aliyelelewa na mto:
maji safi yakichuruzika ni jasho la tuta,
yakija na mchanga ni nyama yake.
Tuta linaliwa kutoka chini
huku juu nyasi zimesimama vizuri tu.

Nilimkuta mtaroni na tochi,
ndani ya koti la mvua la marehemu, mikono imemzidi.
Rula ya shule, ya mbao, imepigiliwa kwenye kigingi.
Kando yake chemchemi ndogo, upana wa sahani,
ikitapika mchanga mweupe, polepole, kwa adabu.
Kipimo changu cha karibu kilikuwa mita mia sita kutoka pale.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.
"Nilidhani umehamishwa kazi," alisema,
akanipa tochi niishike, apate kufunga kifungo.

Hadi saa kumi tulikuwa watu thelathini,
tukiizungushia chemchemi magunia ya mchanga,
duara juu ya duara, maji yakapanda ndani yake,
yakajikandamiza yenyewe, yakatulia.
Tuta likasimama.

Ofisini, matope yakinikaukia magotini,
nikaifuta kanuni ya nne.
Kompyuta ikauliza: una hakika?
Swali hilo halikuniuliza siku ile nilipoiandika.
Mkurugenzi nimemwachia nyota yake.
Kengele nimeihamisha.

Ikalia saa kumi na mbili na dakika kumi:
"Sentimita saba. Safi.
Watu wako wamenikanyagia vitunguu.
Nani atalipa?"